Mukau wa Nyuma ya Jiko

Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa nimesimama nje ya kanisa letu hapa Kilungu, nikizungumza na mke wa mchungaji habari za sare za kwaya, ambazo kila mwaka hushonwa na kila mwaka huwabana akina mama wa safu ya nyuma. Upepo ukapanda kutoka chini, upande wa barabara ya Mombasa, ukaniletea harufu iliyonifanya nikatize maneno katikati. Ilikuwa harufu tamu, nyepesi, yenye uchungu kidogo kwa mbali. Mke wa mchungaji akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia, "Kuna mukau umetoa maua huko chini." Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kanisani bila kunywa chai.

Sikumlaumu. Huku milimani watu wana miparachichi, migomba na vijito vinavyoimba mwaka mzima, na hawana haja ya kujua mti wa watu wenye kiu. Mimi nimeolewa huku, lakini nililelewa Tseikuru, kaskazini kabisa ya Kitui, ambako mito yetu ni ya mchanga na maji huchimbwa. Na ile harufu, ndugu msomaji, ilinirudisha nyuma ya jiko la mama yangu, katika msimu ambao nilikuwa nikiamka kila siku na hofu moja tu kifuani.

Kwanza nikujulishe mukau, kama hamjawahi kukutana. Ni mti wa nchi kavu. Hutaukuta ukijipendekeza kando ya maji. Unapenda mchanga, mawe na jua kali. Gome lake ni la kijivu, na matawi yake yametawanyika kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Kiangazi kikianza hupukutisha majani yote ukabaki uchi, mpaka mgeni aseme huo umekufa, ukatwe kuni. Halafu katikati ya kiangazi hicho hicho, wakati nyasi zimekwisha na hata punda wamekata tamaa, mukau hutoa majani mapya kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, na pamoja nayo vishada vya maua meupe, madogo madogo, vinavyowatia nyuki wazimu. Sisi watoto tuliijua mvua kwa pua kabla ya kuiona kwa macho.

Hakukuwa na sehemu ya mti huo iliyopotea bure. Milango yetu ilikuwa ya mukau, kwa sababu mchwa wakionja mbao zake huenda kutafuta chakula kwingine. Mizinga ya nyuki ilichongwa kutoka shina lake. Kiangazi kikizidi, baba alipanda juu na panga akakata matawi, na mbuzi wakaja mbio kabla hata tawi la kwanza halijafika chini. Majani yaliyopondwa yalitiwa majini, wakaoshwa nayo vitoto vya mbuzi waliojaa viroboto. Mimi mwenyewe niliwahi kuoshwa kichwa kwa maji hayo nilipopata chawa shuleni. Chawa walikufa, ni kweli, lakini kwa siku kadhaa hakuna aliyetaka kuketi nami dawati moja.

Aliyeniosha alikuwa Susu. Susu ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu, mwenye boma, mwenye mbuzi, na mwenye ulimi uliojulikana mpaka ng'ambo ya mto. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu aangukiwe na gogo, kwa hivyo alitembea akiliburuta kidogo, lakini ulimi haukuwahi kuchechemea. Jina lake lilikuwa Kavata, na mimi, kama desturi ilivyo kwa msichana wa kwanza, nilipewa jina hilo hilo. Ndiyo maana mama hakuniita kwa jina hata siku moja. Mwanamke hawezi kusimama uani akapaza sauti kulitaja jina la mama mkwe wake. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, na Susu pia mama alimwita Mwaitu, kwa heshima. Akiita, tuliitika wawili, na mara nyingi aliyehitajiwa ni mimi, na aliyekuja ni Susu, amekasirika.

Mama hakuwa mtu wa Tseikuru. Baba alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Aliwanunua kwetu akawapeleka soko la Mwingi, na mara nyingine akapanda nao lori hadi kule wanakotakiwa. Safari moja lori likaharibika kwenye njia panda ya kuingia Kilungu. Msichana aliyekuwa akiuza maparachichi kando ya barabara akamfokea mbele ya watu, kwa sababu mbuzi wake mmoja alikuwa ameingiza kichwa ndani ya karai lake. Baba akaomba msamaha siku hiyo. Kesho yake akarudi kuomba tena, ingawa lori lilikuwa limekwisha kutengenezwa.

Msichana huyo akaja Tseikuru akiwa bibi arusi, na ndani ya lori, pamoja na sufuria na godoro, alikuwa na mikebe ya miche. Miparachichi, mipera, miembe ya kupandikiza, na, nisiposema hili nitakuwa nimewanyima raha, machipukizi ya nduma. Nduma, mmea unaotaka kusimama kwenye maji mchana na usiku, akauleta mahali ambapo tuliyafuata maji kwa punda asubuhi nzima. Majirani walikuja kuzitazama zile nduma kama watu wanavyokuja kumtazama mgonjwa mahututi, wakasikitika, wakaenda kucheka wakiwa njiani.

Hata Kikamba chake kilichekwa. Watu wa huko kwetu husema kwamba watu wa Kilungu na Makueni wanaongea kama wanaoshuka mlima, na mama akisema jambo, Susu alimwiga pale pale. Nilicheka na mimi. Nilikuwa mtoto, na Susu aliigiza vizuri.

Miaka ilikwenda. Kila mvua mama alipanda kitu, na kila kiangazi kilikichukua. Miparachichi ilikauka ikiwa na urefu wa goti langu. Mipera ililiwa na mbuzi. Mwembe mmoja ulijitahidi mpaka ukatoa maua, tukafurahi, halafu mchwa wakaula kutoka chini. Mama alikuwa mtu wa kulelewa kwenye kijani kibichi, na naona sasa kwamba kile kilichomkausha hakikuwa jua peke yake. Baba alikuwa safarini zaidi ya alivyokuwa nyumbani. Susu naye hakuwa na neno jema kwake hadharani. Kama chai ilikuwa nzuri, alisema imejaa majani. Kama ilikuwa nyepesi, alisema huko milimani maji hawayahesabu.

Sasa tufike kwenye msimu wenyewe. Nilikuwa darasa la pili au la tatu. Kiangazi kilikuwa kirefu, na siku moja mjomba, kaka yake mama, akaja kutoka Kilungu kututembelea. Mchana huo nilikuwa nimeketi nyuma ya jiko nikimenya kunde, nao walikuwa ndani, na ukuta wa jiko letu ulikuwa wa fito, kwa hivyo kila kitu nilikisikia.

"Rudi nyumbani," mjomba alisema. "Shamba la juu liko pale tu, halina mtu. Maji yapo. Mtoto ataingia shule ya karibu. Hapa unakaa ukifanya nini, na bwana hayuko?"

Nikamsikia mama akifunika sufuria. Kisha akasema, "Hapa hata mtu wa kunywa chai na mimi sina. Nimemwambia Baba Kavata, akanyamaza tu. Wacha nijaribu mvua hii moja. Kitu kimoja tu nikipanda hapa kishike, nitakaa. Kisiposhika, nachukua mtoto, nakuja."

Alitaja jina langu, au la Susu, sijui lipi, na kwa namna alivyolitaja niliogopa kuliko maneno yenyewe. Niliacha kunde. Nilikimbia hadi kwa Susu, aliyekuwa akipepeta mtama mbele ya nyumba yake, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Kwenda Kilungu maana yake ilikuwa kumwacha Susu, na mbuzi wangu mweupe, na baba asitukute akirudi. Susu hakuinua kichwa.

"Aende," alisema. "Kwani nani amemfunga kamba?"

Akaendelea kupepeta. Nilisimama pale nikilia, na baadaye kidogo nikaona kwamba ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake na mtama ulikuwa ukimwagika chini, kuku wakila, naye hawafukuzi.

Mama alikuwa amefikiri vizuri. Aliamua kwamba safari hii hatapanda kitu cha kwao, atapanda cha hapa. Kama kuna mti unaoishi Tseikuru bila kumwomba mtu ruhusa, ni mukau. Mbegu zenyewe zilikuwa zimejaa tele. Matunda ya mukau, ya rangi ya kijani inayoelekea manjano, yakianguka, mbuzi huyala mchana, na usiku wakicheua huzitema kokwa, ngumu kama mawe. Asubuhi boma linakuwa limetapakaa kokwa safi kabisa. Sisi wasichana tuliziokota za kuchezea, kurusha moja na kudaka nyingine. Mama akaziokota za kupanda.

Habari ikaenea. Mwanamke wa Kilungu anataka kupanda mukau! Kwetu hakuna aliyewahi kuupanda. Uliota ulipotaka, na mahali ulipoota palikuwa pake. Susu alikuja na fimbo yake akasimama kando ya kitalu, nyuma ya jiko, akamtazama mama akichanganya mbolea na udongo, akitandaza nyasi kavu juu ili unyevu usitoroke, kisha akimwagilia maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo.

"Huku sisi hatupandi mukau," Susu alisema. "Mbuzi ndio hupanda. Na maji yote hayo ni ya nini? Unafuga samaki?"

"Mbegu inataka maji, Mwaitu," mama alijibu kwa upole.

"Ya kwenu."

Mama alimwagilia asubuhi na jioni. Maji yetu ya kuoga yalienda kwenye kitalu, maji ya kunawa yalienda kwenye kitalu, na nakumbuka baba akirudi safari moja akanawa uso juu ya kitalu bila kuambiwa, kama mtu anayetoa sadaka. Na mimi nilifanya sehemu yangu. Kila asubuhi kabla ya shule nilizifukua zile kokwa moja moja, nikazifuta vumbi, nikazitazama kama zimepasuka, nikazizika tena. Sidhani kama kuna mbegu nyingine duniani iliyowahi kusumbuliwa namna hiyo. Hazikupasuka. Zilikuwa vile vile, kama kokoto.

Mvua ikaja. Kila kitu kikaota, hata nyasi ndani ya ufa wa ukuta, isipokuwa kokwa za mama. Alingoja. Halafu nikaona ameacha kumwagilia, na nikajua. Alimpa jirani jembe lake zuri, lile la mpini laini alilokuja nalo. Akafua leso zake zote akazikunja ndani ya kiondo. Akaniambia kwamba Jumatatu lori la kwenda Mwingi likipita, tutalipanda. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilitamani ningemwona akilia, maana mtu anayelia anaweza kubembelezwa.

Ijumaa hiyo Susu alisema anakwenda kumwona mgonjwa. Alitoka mapema na fimbo yake, akarudi jua likizama, akiburuta mguu kuliko kawaida, na leso yake ya nje ikiwa imejaa matope mekundu. Nilipomwuliza mgonjwa anaendeleaje, aliniambia niache kuuliza mambo ya watu wazima. Akaingia kulala bila kula.

Asubuhi yake nilikwenda kwenye kitalu kwa mazoea tu. Katikati yake palikuwa na mche wa mukau, wenye urefu wa mkono wangu, umesimama wima, una majani. Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Mama akatoka jikoni mbio akidhani ni nyoka. Akasimama. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye udongo chini ya ule mche, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Aligeuza uso akatazama upande wa nyumba ya Susu. Susu alikuwa mlangoni, anapepeta ungo ambao, kwa kadiri nilivyoweza kuona, haukuwa na kitu.

"Umeshika," mama alisema mwishowe.

"Mama, si tunakaa? Ulisema kikishika tunakaa!"

Nilikuwa nimesahau kwamba sikupaswa kujua. Mama alinitazama, akanivuta kichwa akakiegemeza tumboni mwake. "Tunakaa," akasema.

Susu akaja akichechemea, akautazama mche kwa dharau kubwa. "Mbuzi watakula tu hicho," alisema. Lakini mama alipoleta mtungi wa maji, Susu alimrukia kama kijana. "Weka chini! Unauzamisha! Wewe mwanamke, ni nini wewe na maji?" Na kabla ya saa sita mwenyewe alikuwa amekata miiba akauzungushia ule mche ua, akinung'unika kwamba anafanya hivyo ili mbuzi wake wasije wakaumia.

Jumatatu lori lilipita, likapiga honi, likaenda. Mama alikuwa ameenda kwa jirani kudai jembe lake, ambalo lilirudishwa shingo upande.

Ningependa kuishia hapo. Lakini ule mche haukuwa na nia ya kuishi. Mvua ilipopumzika, majani yake yakaanza kulegea. Nikaenda shule nikiuwaza, nikarudi nikaukuta umeinama. Siku chache baadaye majani yalikuwa yamejikunja na kukauka. Kikishika tunakaa. Na sasa hakikushika. Kiondo kilikuwa bado juu ya kitanda, leso bado zimo ndani.

Nilifanya jambo ambalo lilinijia akilini bila kufikiri. Chini ya mukau mkubwa wa pale bomani palikuwa na matawi ambayo baba alikuwa amewakatia mbuzi. Nikanyang'anyana na mbuzi mmoja, nikashinda, nikachukua kitawi kibichi chenye urefu ule ule, nikang'oa mche mkavu nikautupa mbali, nikachomeka kitawi changu mahali pake. Ukitazama kutoka jikoni, ulikuwa mukau mzuri kabisa. Lakini kitawi hakina mizizi, na kufikia kesho yake jioni kimelegea. Kwa hivyo nikawa naamka kabla ya jogoo wa pili, nachomeka kipya, nazika cha zamani, nasawazisha udongo, narudi kitandani na matope kwenye kucha. Mara nyingine sikupata chenye urefu sawa. Kulikuwa na siku mukau wetu ulikuwa mfupi kuliko jana, na siku ulikuwa na matawi mawili zaidi.

Mama hakusema kitu. Susu hakusema kitu, na kwa Susu hilo lilikuwa jambo kubwa.

Siku moja usingizi ulinishinda. Niliamka jua limechomoza, nikakimbia nyuma ya jiko nikijua nitaukuta umelala chali. Ulikuwa wima. Ulikuwa na majani mabichi, bado yana umande. Niliamini kwamba Mungu alikuwa amesikia maombi yangu, kitawi kimetoa mizizi. Nilifurahi mpaka nikachelewa shule, nikachapwa, na sikusikia uchungu.

Jumamosi iliyofuata mbuzi wangu mweupe, yule yule niliyekuwa nikilia kwa sababu yake, akavunja ua wa miiba mchana kweupe akaung'oa mukau akauweka wote mdomoni. Mama alikuwa pale pale na jembe lake. Nilimwona akiona. Nilisimama nikiwa nimejishika mdomo. Mama akamtupia mbuzi bonge la udongo, akakosa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akainuka, akaendelea kupalilia kunde.

Siku hizo zote zilizofuata nilikuwa nikikitazama kiondo. Sikukiona kikitoka. Wiki moja hivi baadaye nilikuta leso zimerudi kwenye kamba ya nguo ndani ya nyumba, na kiondo kina viazi. Sikuelewa. Hakukuwa na mti tena, na sisi tulikuwa bado tupo. Nilichofanya ni kile ambacho watoto hufanya: nilimshukuru Mungu haraka haraka, nisije nikamkumbusha.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilipoelewa kiasi. Kikundi chetu cha akina mama kilishuka kwenda upande wa joto wa Makueni kujifunza kuotesha mukau, kwa kuwa siku hizi watu wanaupanda shambani kama mahindi. Tulifundishwa kupasua kokwa kwa kisu na nyundo ndogo bila kuumiza kilichomo ndani, ambacho ni kijipunje chembamba, cheusi, si kikubwa kuliko mbegu ya tikiti. Kinakatwa ncha kidogo, kinalowekwa majini usiku kucha, kisha ganda lake linachanwa taratibu kwa wembe, na ndipo kinalazwa kwenye mchanga wa mtoni chini ya karatasi ya nailoni, kwenye joto. Maji yawe haba. Maji mengi huleta ukungu na mche hufa ukiwa mchanga. Na kokwa ikizikwa nzima inaweza kulala ardhini miaka, isipokuwa pale moto ulipopita, kwa mfano boma la zamani likichomwa, hapo huota zenyewe. Nilijikata vidole mara nyingi siku hiyo, na katikati ya kujikata nikaweka wembe chini. Kokwa za mama zilikuwa nzima. Hazingeweza kuota. Wala mche hautoki ardhini ukiwa tayari una urefu wa mkono.

Kwa hivyo nilipoenda Tseikuru, nikamkuta mama ameketi uani anachagua ndengu, nikaketi naye, nikauliza. Susu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama ndiye aliyemuuguza, goti lilipokataa kabisa na baadaye mwili wote, na mpaka siku za mwisho Susu alilalamika kwamba uji wake ni mwepesi na hakukubali kulishwa na mtu mwingine.

"Mwaitu, ule mukau wa nyuma ya jiko. Ulijua umetoka wapi?"

"Huko mtoni," mama alisema, bila kusita. "Kwenye boma la zamani walilochoma. Hapa kwetu udongo ni mchanga mtupu. Ule uliokuwa chini ya mti ulikuwa mwekundu. Nyayo za Susu yako zilikuwa hapo hapo, mguu mmoja umezama, mwingine umeburutwa."

"Asubuhi ile ile ulijua?"

"Ile ile."

"Na mbona hukumwambia?"

"Angekataa. Angesema ni mbuzi." Akapepeta ndengu kidogo, akapuliza maganda. "Mimi nilikuwa nataka kuondoka kwa sababu nilidhani hapa hakuna mtu ananitaka. Wewe unajua vile alikuwa ananiongelesha. Halafu mtu huyo huyo anatembea mpaka mtoni na hilo goti, anachimba mti, anaubeba chini ya leso kama ameuiba, ndio mimi nisiende. Sasa ningeenda wapi?"

Niliokota ndengu iliyoanguka nikairudisha kwenye ungo. Kisha nikamwambia kwamba mti wenyewe ulikauka.

"Nilijua utakauka. Mzizi mkuu ulikuwa umekatika. Mtu wa Kilungu hajui mukau, lakini mzizi uliokatika anaujua."

"Na mimi nikawa nachomeka matawi."

Hapo mama aliweka ungo chini. Alicheka kile kicheko cha siku ya mbuzi, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Kwani mimi ni kipofu? Leo mti mrefu, kesho mfupi! Susu yako alikuwa anakuja jikoni kuchungulia na mimi, tunashikana tusicheke. Hapo ndio tulianza kunywa chai pamoja."

Nikamwuliza kuhusu ile asubuhi niliyochelewa kuamka, nikaukuta umesimama na majani mabichi.

"Ulikuwa umelala vizuri siku hiyo," alisema. "Nikaona, ukiamka uukute umekauka, utalia. Nikaenda nikakata moja nikakuwekea."

Alirudi kwenye ndengu zake. Mimi nilibaki nikitazama mikono yake. Wiki zile zote nilikuwa nikiamka gizani, na matope kwenye kucha, kumzuia mama asiende, na yeye alikuwa amekwisha amua zamani kwamba haendi popote.